"Kwani mimi nitakuwa daktari?" Jibu kutoka kwenye vyandarua vya Misungwi

Kila muhula wa kwanza ukianza, swali hili halikosi. Analiuliza mwanafunzi wa teknolojia ya habari aliyekuta fizikia kwenye ratiba yake. Analiuliza wa umeme aliyepangiwa kemia, na wa teknolojia ya nguo aliyewekewa kipindi cha baiolojia Ijumaa mchana, muda ambao kila mtu anawaza wikendi. "Mimi nimekuja kusomea mitambo. Habari za seli na vimeng'enya zinanihusu nini? Kwani mimi nitakuwa daktari?"

Sisi tunaoandika hapa tuliuliza hivyo hivyo tukiwa mwaka wa kwanza, na leo baadhi yetu tunaulizwa tukiwa tunasimamia maabara. Kwa hiyo hatutakucheka. Swali ni halali kabisa. Majibu wanayopewa wanafunzi ndiyo mabovu, na tuanze na hayo.

Jibu la kwanza: "Ndiyo mtaala unavyotaka." Hilo ni jibu la mtu anayetaka uondoke ofisini kwake. Jibu la pili: "Yatakufundisha kufikiri." Sawa, lakini hata bao linafundisha kufikiri, na hakuna chuo kinachotulazimisha kucheza bao. Jibu la tatu linapendwa sana kwenye hotuba: "Kila teknolojia ni sayansi, hata hiyo simu yako ni fizikia." Ni kweli, lakini wapo mafundi simu pale Mwanza mjini wanaofufua simu iliyoingia maji bila kuwahi kusikia habari za milinganyo ya Maxwell, na simu inawaka. Mwanafunzi anawaona kila siku. Ndo maana hotuba haimwingii.

Jibu lenye uzito lazima lionyeshe teknolojia ambayo ilitengenezwa vizuri, ikafanya kazi miaka mingi, halafu ikaanza kushindwa kwa sababu ambayo mtengenezaji wake asingeiona bila sayansi ya asili. Na ukiweza, toa mfano wa karibu, mtu aweze kuugusa kwa mkono. Mfano huo tunao. Uko Misungwi, juu ya kitanda.

Vyandarua vya aina nne, wilaya moja

Misungwi unaijua, au angalau umeipita ukitoka Mwanza kuelekea Shinyanga. Ni upande huo linapoanzia Daraja la Kigongo–Busisi lililofunguliwa Juni 2025. Kuna pamba, kuna majaruba ya mpunga, kuna maji ya Ghuba ya Mwanza pembeni. Na kuna mbu.

Mwanzoni mwa mwaka 2019, watafiti wa Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR) kituo cha Mwanza, pamoja na wenzao wa Moshi, London na Ottawa, waligawa vyandarua katika vijiji 72 vya wilaya hii. Waliyagawa makazi katika maeneo 84, wakapiga kura kuamua eneo gani lipate chandarua gani. Aina zilikuwa nne. Ya kwanza ni chandarua cha kawaida, chenye dawa ya kundi la pairethroidi peke yake. Tatu zilizobaki zilikuwa na pairethroidi pamoja na kitu cha pili: moja ilikuwa na PBO, nyingine na dawa inayovuruga uzazi wa mbu, na ya mwisho na dawa inayoitwa klofenapiri.

Baada ya miaka 2 walipima malaria kwa watoto. Kwenye maeneo ya chandarua cha kawaida, asilimia 45.8 ya watoto waliopimwa walikuwa na vimelea. Kwenye maeneo ya klofenapiri walikuwa asilimia 25.6. Yaani kwenye kila watoto 100, tofauti ni kama watoto 20. Aina mbili za katikati zilibaki kwenye asilimia 40.7 kwa PBO na 37.5 kwa ile ya kuvuruga uzazi, tofauti ambayo baada ya muda huo haikutosha kusema kwa uhakika kwamba zimeishinda ya kawaida. Matokeo hayo, mwandishi wa kwanza akiwa Jacklin Mosha wa NIMR Mwanza, yalichapishwa kwenye jarida la The Lancet Machi 2022. Mwaka mmoja baadaye, Machi 2023, Shirika la Afya Duniani (WHO) lilipendekeza vyandarua vya klofenapiri vitumike mahali ambapo mbu wamekuwa sugu kwa pairethroidi.

Sasa jiulize. Familia zote hizo zilipewa chandarua kipya, karibu siku zile zile. Kwa mama anayekichomeka chini ya godoro, chandarua ni chandarua tu. Tofauti ya watoto 20 kwa 100 imetoka wapi?

Hakuna aliyeharibu kitu

Pairethroidi ni dawa za kiwandani zilizotengenezwa kwa kuiga sumu iliyomo kwenye maua ya pareto, yale yanayolimwa Nyanda za Juu Kusini. Zinashambulia mishipa ya fahamu ya mdudu. Kama unasoma umeme utaelewa haraka: ujumbe kwenye mshipa unasafiri kwa ayoni za sodiamu kuingia kupitia vijilango vinavyofunguka na kufunga kwa zamu. Pairethroidi inavizuia vijilango visifunge. Mshipa unaendelea kurusha ujumbe bila kupumzika, mbu anatetemeka, anaanguka.

Kwa miaka mingi hiyo ilitosha. Ila kwenye kundi kubwa la mbu daima wapo wachache ambao mwili wao unatengeneza kwa wingi vimeng'enya vinavyovunja sumu, hasa vya familia inayoitwa P450. Dawa inapoua wengine wote, hao wachache ndio wanaobaki kuzaa. Watoto wao wanarithi. Baada ya vizazi kadhaa, wachache wamekuwa wengi. Dawa za kunyunyizia mashambani nazo zinachangia, kwa sababu maji ya shambani ndiyo mazalia ya mbu.

Hapa watu wengi wanakosea, wakiwemo wasomi: mbu hazoei sumu kama wewe ulivyozoea pilipili. Mbu mmoja mmoja habadiliki. Linalobadilika ni kundi, kwa sababu ya nani amekufa na nani amezaa. Ukikosea hapo utapanga mambo vibaya. Utadhani dawa ikiachwa kidogo mbu "watasahau", au ukiongeza dozi "watakoma".

Mwanafunzi wa teknolojia anatakiwa ashtuke hapa. Kiwanda hakikupunguza dawa. Uzi ulikuwa sawa, vipimo vya ubora vilipita, mgawaji alifika kijijini. Kila kitu ambacho fundi anakisimamia kilikuwa sawa, na bado malaria ilibaki juu. Zege la Daraja la Kigongo lina mizigo, mawimbi na kutu ya kupambana navyo, lakini halina adui anayezaa kila baada ya wiki chache na kurithisha watoto wake mbinu. Chandarua kinaye. Dawa ya pamba inaye, antibayotiki inaye. Ukiwa mbunifu wa vitu kama hivyo na baiolojia umeiruka, hata kujua kwamba kuna adui anayebadilika hujui.

Kosa ambalo fundi mwerevu angelifanya

Tuseme wewe ni mbunifu wa nguo kiwandani. Unaambiwa mbu sugu wamekuzidi, tafuta dawa. Mezani kuna suluhisho mbili.

Ya kwanza ni PBO. Yenyewe haiui mbu kwa maana ya kawaida. Kazi yake ni kuviziba vile vimeng'enya vya P450, ili pairethroidi isivunjwe na iendelee kuua. Utafiti wa Muleba, mkoani Kagera, ulishaonyesha kwamba vyandarua vya PBO vinapunguza malaria kuliko vya kawaida. Hilo limethibitishwa.

Ya pili ni klofenapiri. Hii inaua kwa njia nyingine kabisa. Ndani ya seli za mbu kuna mitokondria, ambazo unaweza kuzifikiria kama bwawa la umeme: protoni zinarundikwa upande mmoja wa utando, zinashuka kupitia mtambo mdogo, mtambo unazunguka na kutengeneza nishati. Klofenapiri ikishafanya kazi inatoboa bwawa pembeni. Protoni zinashuka bila kupita kwenye mtambo, nishati haitengenezwi, mbu anaishiwa nguvu na kufa.

Sasa fundi mwerevu atasema: kama PBO ni nzuri na klofenapiri ni nzuri, tuziweke zote mbili kwenye chandarua kimoja, bana! Tutapata chandarua cha moto. Ni wazo ambalo mtu yeyote mwenye akili timamu angelitoa, na gharama ikiruhusu angelipitisha.

Ila klofenapiri inapotoka kiwandani si sumu kamili. Inaingia mwilini mwa mbu ikiwa imelala. Kinachoiamsha ni vimeng'enya vya P450. Ndiyo, vile vile ambavyo mbu sugu amejijaza ili kuvunja pairethroidi. Mbu mwenye silaha nyingi dhidi ya dawa ya zamani ndiye mwenye mashine nyingi za kuiamsha dawa mpya. Usugu wake unageuka kuwa mtego.

Na PBO inafanya nini? Inaviziba vimeng'enya hivyo. Ukiweka zote mbili pamoja, ya kwanza inamzuia mbu asiiamshe ya pili. Umelipia dawa mbili ili moja iifunge mikono nyingine. Watafiti nchini Benin walilipima jambo hilo kwenye vibanda vya majaribio, wakitumia vyandarua vya aina zote mbili pamoja, na matokeo waliyochapisha mwaka 2023 yalionyesha kweli nguvu ya chandarua cha klofenapiri ikipungua.

Hii ndiyo sehemu ya makala ambayo tungependa uibebe. Hesabu ya fundi ilikuwa sahihi: moja na moja mbili. Kilichokosekana ni aya moja ya baiokemia, ile ile ya vimeng'enya uliyoilalamikia Ijumaa mchana.

Hata kipimo kinaweza kukudanganya

Utasema, sawa, lakini maabara ingeligundua. Tungepima kabla ya kuuza. Si lazima.

Kipimo kilichozoeleka cha chandarua chenye dawa kinafanywa hivi: mbu wanawekwa kwenye kikoni kidogo cha plastiki juu ya kitambaa kwa dakika 3, wanatolewa, halafu unahesabu walioanguka baada ya saa 1 na waliokufa baada ya saa 24. Kipimo hicho kilitungwa kwa dawa za mishipa ya fahamu, ambazo zinaangusha mbu haraka. Klofenapiri haiangushi mtu haraka. Inahitaji iamshwe kwanza, na inaua polepole, hadi saa 72. Tena inafanya kazi vizuri mbu akiwa anahangaika usiku kutafuta damu, mwili ukiwa unachoma nishati, kuliko akiwa amepumzika mchana kwenye maabara.

Kwa hiyo mtaalamu wa ubora anayefuata mwongozo neno kwa neno, bila kujua dawa inafanyaje kazi, angeweza kuandika "imefeli" kwenye chandarua ambacho kule Misungwi kilikuja kushinda vyote. Ndiyo sababu dawa hii inapimwa kwa njia nyingine, mbu wakiachwa usiku kucha na vifo vikihesabiwa hadi siku ya 3. Kufuata utaratibu ni kazi ya fundi. Kujua ni lini utaratibu haukufai kunahitaji ujue kinachopimwa.

Na wewe wa kompyuta

Hujaepuka. Tuchukue mfumo wa takwimu za afya, kazi ambayo wahitimu wengi wa teknolojia ya habari wanaipata. Kwenye jedwali kuna safu inayosema: "Kaya ina chandarua? Ndiyo/Hapana." Inaonekana safi. Ila kwenye safu hiyo, kaya ya Misungwi iliyopewa chandarua cha kawaida na ile iliyopewa cha klofenapiri zote ni "Ndiyo". Umezifuta asilimia 20 za tofauti kwa kubonyeza kitufe kimoja, na mchambuzi atakayekuja baadaye hawezi kuzirudisha, maana hazikuhifadhiwa.

Au unaandika programu ya kukumbusha lini kaya ibadilishiwe chandarua. Unaweka miaka 3, kwa sababu ndivyo vinavyokusudiwa kudumu. Ufuatiliaji wa vyandarua hivyo hivyo vya Misungwi ulionyesha vingi vimechanika au vimeachwa kabla ya miaka 3. Programu yako haina hitilafu hata moja ya kimsimbo, na bado inamwambia mzazi kwamba mtoto analindwa wakati chandarua kimeshazungushiwa bustani ya mchicha.

"Si wapo wataalamu wa hayo mambo?"

Hili ndilo pingamizi zito kuliko yote, na tunaliheshimu. Hakuna mtu anayejua kila kitu. Hata kazi ya Misungwi ilifanywa na timu: wajuzi wa wadudu, wa takwimu, wa magonjwa, wa uchumi. Kwa nini mwanafunzi wa nguo asisome nguo vizuri, na wa mbu akasoma mbu?

Sehemu ya pingamizi hili ni kweli. Hatukutegemei ukariri majina ya vimeng'enya. Lakini kushirikiana na mtaalamu kunahitaji ujue wakati wa kumpigia simu. Yule fundi aliyetaka kuchanganya PBO na klofenapiri hakuona tatizo lolote, kwa hiyo asingempigia mtu. Kiasi cha baiolojia anachohitaji ni kile cha kumfanya asite na kuuliza: "Hivi hizi mbili zinakutana wapi ndani ya mdudu?" Swali hilo moja lingeokoa kiwanda.

Na tusiwaonee watu wa teknolojia peke yao. Kemia ya klofenapiri ni nzuri mno, lakini haina maana kama kitambaa kinachanika. Zamani, mbu walipokuwa wanakufa kirahisi, tundu halikuwa na madhara makubwa, kwa sababu mbu aligusa dawa akifa kabla ya kulipata. Kwa mbu sugu, tundu ni mlango. Kwa hiyo mwanabaiolojia anamhitaji mtu wa uzi na ufumaji kuliko wakati mwingine wowote, na anatakiwa naye ajue kidogo kwa nini uzi unakatika. Kama sheria ya masomo ya lazima ina haki, basi iende pande zote mbili: wa sayansi asili naye apangiwe karakana.

Lawama yetu

Tumetetea masomo haya, sasa tuseme ubaya wake. Jinsi yanavyofundishwa sehemu nyingi, mwanafunzi ana haki ya kuyachukia. Mmoja wetu alisoma moduli ya kemia ambayo mtihani wake wote ulikuwa "taja", "orodhesha", "eleza sifa tano". Alifaulu vizuri sana. Baada ya wiki mbili hakukumbuka chochote, na hakuna siku hata moja aliyoambiwa kemia hiyo inakutana wapi na fani aliyoisomea. Kozi ya namna hiyo inathibitisha lalamiko la mwanafunzi badala ya kulijibu.

Wanaopanga kozi hizi wanaogopa wakipunguza mada watashusha kiwango. Tunadhani kiwango kinashuka zaidi pale mada 14 zinapokimbizwa na hakuna hata moja inayofika kwenye kitu halisi. Tungependa kila moduli ya sayansi kwa wanafunzi wa teknolojia ianze na kitu kimoja kilichoshindwa au kilichonusurika, cha hapa hapa: chandarua, pampu ya kisima, betri ya sola, mashine ya kuchambua pamba. Kisha mwalimu aulize ni sayansi gani iliyohitajika ili kuelewa kilichotokea, na afundishe hiyo kwa kina. Vimeng'enya vikija kwa njia hiyo, hakuna atakayeuliza kama yeye ni daktari.

Wakati tunasubiri mitaala, wewe msomaji anza na kitu kidogo. Leo usiku tafuta lebo iliyoshonwa kwenye chandarua chako, uisome. Ukikuta deltamethrin au alpha-cypermethrin peke yake, hicho ni cha pairethroidi tu. Ukikuta PBO, au chlorfenapyr, umeshajua vinafanya nini. Chochote utakachokikuta, lala ndani yake, maana chandarua cha kawaida kizima bado ni bora kuliko kulala wazi. Kisha kesho muulize mwalimu wako wa baiolojia swali moja kuhusu ulichokisoma. Akishindwa kukujibu, nendeni mkalitafute pamoja.